Mpunga Tumeuhesabu, Saa Je?

Mchombe ni kata ya wakulima katika Halmashauri ya Mlimba, mkoani Morogoro, njiani utokapo Ifakara kwenda Mlimba. Upande mmoja imeegemea milima ya Udzungwa, na upande wa pili macho hayakomi mpaka bonde la mto Kilombero linapokutana na mawingu. Miezi ya masika watu wengi huhamia mashambani, wakakaa katika madungu, wakapalilia na kuamia ndege tangu alfajiri mpaka jua kuchwa. Mavuno yakiisha hurudi vijijini, mashine za kukoboa zikaunguruma, fedha kidogo ikaingia mifukoni, na mikono iliyokuwa na kazi usiku na mchana ikabaki mitupu. Juu ya mikono hiyo mitupu ndipo tulipotaka kusema na wasomaji wetu mwezi huu.

Jioni moja ya baada ya mavuno, tulikuwa tumekaa barazani baada ya sala ya Isha. Mzee mmoja alikuwapo pamoja na mjukuu wake, kijana hodari wa jembe, ambaye uso wake wote ulikuwa umeangazwa na kioo cha simu. Mzee akamwita.

"Mjukuu wangu, gunia la mpunga lina debe ngapi?"

"Sita, babu," akajibu bila kuinua kichwa.

"Na mnunuzi akija na gunia la lumbesa, utakubali?"

"Sikubali, babu. Huo ni wizi."

"Basi nambie, tangu magharibi mpaka sasa, hicho ulichoshika kimekuchotea saa ngapi?"

Kijana akainua kichwa, akacheka, kisha akanyamaza. Nasi tulinyamaza pamoja naye, kwa kuwa swali lile lilikuwa letu pia. Usiku wa jana yake sisi wenyewe tulifungua simu kutazama habari moja tu ya mvua, tukaja kuzinduka usiku umekwenda, na ile habari ya mvua hatukuisoma.

Ndugu zetu, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara kwazo. Tena Mola wetu ameapa kwa wakati katika Sura fupi ambayo kila mtoto wa chuoni huihifadhi. Mkulima hahitaji kufafanuliwa sana maneno haya. Anajua kuwa mbegu iliyochelewa kutiwa ardhini hailipwi kwa jasho la baadaye. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, ambaye hakubali kupunjwa kibaba kimoja cha mpunga, hukubali kupunjwa umri wake, wala haoni aliyempunja.

Wala hatusemi kwamba simu ni uovu. Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza Tanzania, mtoto aliyeko Dar es Salaam aweza kumpelekea mama yake fedha bila kumsumbua dereva wa basi. Mkulima aweza kuuliza bei ya mchele Ifakara kabla dalali hajamdanganya. Aweza pia kujifunza kilimo shadidi, ambacho asili yake ni kisiwa cha Madagaska, kilikopangwa na padre Mfaransa, Henri de Laulanié, katika miaka ya 1980: miche hupandikizwa ikiwa michanga, mmoja mmoja, kwa mistari na nafasi pana, na maji hutiwa na kuachwa yakauke kwa zamu. Mbegu inayotumika ni chache kuliko ile ya kumwaga kwa mkono. Elimu kama hiyo zamani ilimlazimu mtu asafiri, na leo imo katika kiganja chake.

Lakini na tufanye hesabu kama tufanyavyo ghalani. Mwenye kutumia saa 3 kila siku kwa kutazama yasiyo na faida, katika mwaka mmoja ametumia saa 1,095, yaani siku 45 na zaidi, usiku na mchana. Kwa upande mwingine, Msahafu uliochapishwa Madina una kurasa 604. Mwenye kusoma kurasa 2 tu kila siku atauhitimu kwa siku 302, na mwaka wetu wa Hijria bado haujamalizika. Kurasa 2 hazimnyimi mtu usingizi wala kazi. Zinamnyima udhuru tu.

Hasara ya saa, hata hivyo, si ndiyo hasara kubwa kabisa. Liko jambo linaloingia nyumbani kwa mlango huo huo wa faragha, nalo ni kamari ya mpira. Kijana aliyeuza mpunga wake asubuhi aweza kufika usiku akiwa ameuweka juu ya timu za Ulaya ambazo hajaziona ila katika kioo. Huchagua michezo kadhaa, akaifunga pamoja, na fungu hilo huliita mkeka. Jina zuri limepewa kitu kibaya. Mkeka wa ukindu humkaribisha mgeni akakaa, ama mkeka huu humwinua mwenye nyumba akalala chini.

Yafaa vijana wetu waijue hesabu yake, maana wengi hudhani kwamba wanashindwa kwa bahati mbaya. Tuseme jambo moja lina pande mbili zilizo sawa, mfano wa kurusha sarafu. Malipo ya haki kwa shilingi 1,000 yangekuwa shilingi 2,000. Mwenye kuchezesha hatalipa hizo. Tuseme analipa 1,850, na 150 amejiwekea yeye. Katika jambo moja tofauti ni ndogo. Sasa funga mambo 10 ya namna hiyo katika mkeka mmoja: nafasi ya kuyapata yote ni moja katika 1,024. Malipo ya haki yangekuwa shilingi 1,024,000, lakini kwa kanuni ile ile utalipwa kama 470,000 tu, hayafiki nusu. Kwa hiyo hata anayeshinda amepunjwa, na kadiri mkeka unavyorefushwa ndivyo lumbesa inavyozidi. Mwenyezi Mungu ameiharimisha kamari katika Suratul Maida pamoja na ulevi, na katika Suratul Baqara ametueleza kwamba madhara yake yamezidi manufaa yake. Muumini humtii Mola wake kabla ya hesabu, kisha hesabu ikaja ikamtuliza moyo.

Madhara hayo hayamkomei mchezaji. Mama aliyesimama majini pamoja naye msimu mzima huuliza ada ya chuo ya watoto, akajibiwa kwa hasira. Na mwenye kupoteza fedha aghalabu hutafuta mkopo ili azirudishe, akaongeza riba juu ya kamari.

Je, dawa ni nini? Kukemea peke yake hakutoshi, na kunyang'anya simu hakuwezekani. Tunakumbuka mfano mmoja katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini kwa majuma 12, wakasikiliza vipindi vya malaria, kichocho, safura na kuhara, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Redio nayo ilikuwa chombo kipya kwa wengi, na yaweza kumpotezea mtu siku nzima akiisikiliza ovyo. Iliwafaa watu wale kwa sababu tatu: walisikiliza pamoja, walikuwa na saa maalumu, na baada ya kusikiliza palikuwa na kazi ya kufanya.

Simu yetu tunaishika kinyume cha yote matatu. Tunaitazama peke yetu, bila saa ya kuanza wala ya kukoma, na tukiiweka chini hatuna tulichokusudia kutenda.

Basi tunazishauri nyumba za Waislamu, za Mchombe na kwingineko, zijaribu jambo jepesi. Baada ya Isha, simu zote za nyumba ziwekwe mahali pamoja, ibaki moja tu kwa nusu saa, katikati ya watu. Usiku mmoja isikilizwe darsa ya shekhe mwaminifu, usiku wa pili somo la kilimo au la afya, usiku wa tatu baba na mama waandike mbele ya watoto kilichoingia na kilichotoka. Kisha kila mmoja aseme kesho atafanya nini kwa aliyoyasikia. Wala tusiwafanye vijana wachukie dini kwa kuwanyima furaha. Mtume wetu alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha. Mpira wa kuchezwa kwa miguu, jioni, uwanjani, hutia afya na udugu. Mpira uliokatazwa ni ule unaochezwa kwa fedha ya unga wa watoto.

Yule mzee, kabla hatujaagana, alimwomba mjukuu wake amsomee kutoka katika simu ile ile jinsi ya kuandaa kitalu cha kilimo shadidi. Kijana akasoma, babu akauliza, jirani akaongeza, na sisi tukajifunza. Haikupita nusu saa. Simu haikubadilika, ila ilikuwa imetoka mkononi mwa mtu mmoja ikaingia barazani.

Mvua za kupandia hazijafika, na faragha hii ndiyo mbegu tuliyo nayo. Twamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie saa zetu kama alivyotubarikia mpunga wetu, na atuwafikishe kuzihesabu kabla hatujahesabiwa. Amin.