Bustani ya kiangazi: Mboga ziwe lishe, zisiwe maradhi

Mvua za vuli zikishakatika na jua la Januari na Februari likaanza kuwaka, mboga za majani huadimika. Kwa mkazi wa Kwamndolwa, Korogwe, fungu la mchicha hupungua na bei yake hupanda. Baadhi ya familia hukaa siku nyingi bila kuonja majani.

Hasara yake kiafya si ndogo. Mchicha, matembele, kisamvu na mnavu hutupatia vitamini A inayolinda macho na kinga ya mwili, madini ya chuma yanayosaidia kutengeneza damu, na foleti ambayo mama mjamzito huihitaji sana. Wanaoathirika zaidi ni wajawazito na watoto wadogo.

Ufumbuzi mmojawapo ni bustani ndogo nyuma ya nyumba. Mchicha huwa tayari kuchumwa baada ya wiki 3 hadi 4, na matembele huchipua tena kila unapochuma. Wakati wa kiangazi usinyanyue tuta. Lichimbe liwe chini kidogo ya usawa wa ardhi ili maji yabaki kwenye mizizi. Tandaza nyasi kavu, kisha mwagilia asubuhi mapema au jioni.

Hata hivyo, bustani isiyotunzwa kwa usafi inaweza kuleta maradhi. Zingatia haya:

1. Maji. Maji uliyooshea mchele na mboga yanafaa kumwagilia. Maji ya kufulia na kuogea yapeleke kwenye migomba, usiyamwage juu ya mboga. Kama unachota kwenye mfereji au dimbwi, jihadhari na kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi. Vaa buti za mpira, wala usiwatume watoto huko.

2. Mbolea. Samadi mbichi ina vimelea vya kuharisha. Ilundike pamoja na majani, uigeuze mara kwa mara, uiache miezi isiyopungua 3 mpaka iwe nyeusi na harufu iishe. Kinyesi cha binadamu kisitumike kabisa, kwani mayai ya minyoo ya tumbo huweza kukaa ardhini kwa miaka.

3. Dawa za wadudu. Jaribu kwanza kunyunyiza majivu na kuokota viwavi kwa mkono. Ukilazimika kupiga dawa, soma kibandiko na usichume kabla siku zilizoandikwa hazijatimia. Chupa yake itoboe. Usiitilie maji wala mafuta ya kula hata ukiiosha vipi.

4. Jikoni. Osha mboga kabla ya kuikata, kwani ukiikata kwanza virutubisho huondoka na maji. Ipike kwa muda mfupi na kwa mafuta kidogo, maana vitamini A haifyonzwi vizuri mwilini bila mafuta. Kamulia limau au ndimu ili mwili upate chuma zaidi, na chai isubiri walau saa moja baada ya mlo. Mboga za kachumbari zioshe kwa maji yaliyochemshwa.

Kumbuka pia kunawa mikono kwa sabuni kila utokapo bustanini. Ndoo mbili za maji kwa siku zinaweza kutosha kuendesha tuta dogo, na mama mjamzito akapata majani mezani hadi masika yaingie, inshaallah.