Bastola ya Wabeleji mu mufuko: ulinzi ao mzigo?

Saa kumi na mbili ya mangaribi, kwenye kona moja karibu na soko Mzee Kabila, kambiste mmoja anafunga meza yake. Anapanga franga mafungu mafungu, anazitia mu sashe nyeusi, na sashe anaizamisha mu mfuko wa mchele. Kutoka hapa mpaka kwake Katuba ni taksi-bisi, kisha dakika kumi za kutembea mu giza. "Bezi bananijua, ba-journal," anatuambia. "Banajua saa yangu, banajua njia yangu. Mi nataka paka kadude kadogo ka mu mufuko. Kuko muzee moja iko na bastola ya Babeleji, iko nauzisha."

Hatukumjibu papo hapo. Lakini ulizo lake si la mtu mmoja. Mu Lubumbashi, kila mara habari ya wezi wa usiku inaposikika, watu wanaanza kunong'onezana juu ya silaha. Basi tulitafuta wale wanaojua: mzee mmoja aliyetumika mu Gendarmerie wakati wa Zaïre, na avoka mmoja wa mjini. Wote wawili waliomba tusiandike majina yao.

Chuma kutoka Herstal

Mzee tulimkuta chini ya mwembe, kwake Kamalondo. Tulipomwambia "bastola ya Wabeleji", alicheka. "Batoto yangu, Babeleji walileta mingi. Mulize kwanza: gani?"

Kweli, ni jamaa kubwa. Kampuni ya FN ilianzishwa mwaka wa 1889 huko Herstal, karibu na mji wa Liège. Mmarekani mmoja, John Moses Browning, ndiye aliyeichorea bastola zake za kwanza. Ile ya 1910 ni ndogo na laini, haina nyundo inayoonekana nje, haikwami mu nguo. Inapima karibu gramu 600. Ilitengenezwa ili ifichwe. Dunia iliijua kwa ubaya: tarehe 28 juni 1914, kule Sarajevo, Gavrilo Princip alitumia bastola ya aina hiyo kumwua mrithi wa ufalme wa Austria, na vita kubwa ikafuata.

Nyingine ni GP 35, ndiyo kusema "Grande Puissance". Browning aliianza, akafa mwaka wa 1926 mu Liège kabla ya kuimaliza. Mbeleji Dieudonné Saive ndiye aliyeikamilisha, na mwaka wa 1935 jeshi la Ubeleji likaichukua. Sharja yake inapokea masasi 13 ya milimita 9. Wakati ule bastola nyingi zilikuwa na masasi saba ao nane tu. Ndiyo sababu maofisa waliipenda pande zote za dunia, na hapa kwetu ilionekana kiunoni mwa maofisa tangu wakati wa Wabeleji, ikapita mu miaka ya Katanga ya Tshombe, 1960 mpaka 1963, ikafika mpaka wakati wa Mobutu.

"Ile chuma ni muzuri," mzee anasema, na mkono wake unajikunja sawa vile iko naishika. "Inakaa mu mukono sawa mukono wa rafiki. Lakini kuwa muzuri haitoshe."

Kuificha kila siku ni kazi ingine

Hapo akaanza kutuhesabia kwa vidole. Tunaandika kama alivyosema, kwa sababu hata mwenye ruhusa kamili angepaswa kujiuliza maulizo haya.

Kwanza uzito. GP 35 inakaribia kilo moja, na urefu wake ni kama sentimita 20. Mtu aliyevaa shati nyepesi mu joto ya mwezi wa kumi, ataificha wapi? Kila akiinama, inaonekana. Na mwizi akiiona, hiyo ndiyo kitu cha kwanza atakachotaka kuiba.

Pili, sekirite. Bastola za zamani zilichorwa na watu wenye akili, lakini watu wa wakati wao. Mu GP 35 za kwanza, hakuna kitu ndani kinachozuia sindano kugonga risasi kama silaha ikianguka vibaya. Kizuizi hicho kilikuja na mfano wa Mark III, mwishoni mwa miaka ya 1980. Tena haipigi mpaka nyundo ivutwe nyuma kwanza. Basi mwenye kuibeba ana njia mbili: atembee na nyundo imevutwa, akitumainia kisekirite kidogo cha kidole gumba, ao atembee bila risasi mu chumba, na siku ya hatari atafute mikono miwili na sekunde ambazo hana. Tokarev ya Warusi, ambayo watu wanaichanganya na zile za Wabeleji, ni mbaya zaidi: ile ya asili haina kisekirite cha kidole hata kimoja.

Tatu, masasi. "Bantu banasema milimita 9, banafikiri ni moja," mzee anasema. Si moja. Kuna 9 fupi ya bastola ya 1910, kuna 9 ya Makarov, kuna 9 Parabellum ya GP. Urefu haufanani, nguvu haifanani. Ukitia isiyo yake, bastola inakwama ao inakuumiza wewe. Na yale masasi yanayouzwa kwa kujificha, moja moja mu karatasi, nani anajua yamelala mu unyevu miaka mingapi?

Nne, springi. Springi ya sharja iliyofungwa tangu wakati wa baba imechoka. Bastola inapiga mara moja, kisha inanyamaza.

Halafu mzee akanyamaza yeye pia. Alipoanza tena, sauti ilikuwa chini. Anasema alikuwa na mwenzake wa kazi aliyezoea kutundika koti nyuma ya mlango na bastola ndani. Siku moja koti ilianguka. Risasi ilipita ukuta wa matofali ya udongo na kumkuta mtoto wa dada yake jikoni. "Ule mwenzangu hakupigaka adui hata moja mu maisha yake," mzee anasema. "Alipigaka paka ule mutoto."

Karatasi inasema nini

Avoka alitupokea kati ya kesi mbili. Kwake mambo ni mafupi. Silaha na masasi mu inchi yetu zinatawaliwa na ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 septemba 1985. Raia hawezi kuwa na silaha ya moto bila ruhusa ya Leta. Na ruhusa inaandikwa kwa jina la mtu, juu ya silaha inayojulikana kwa namba yake. Haiuzishwi pamoja na bastola kama vile kifuniko na sufuria.

"Kwa hiyo yule mzee anayeuza na yule kambiste anayenunua, wote wawili wako mu kosa," anatuambia. Na kama namba imekwanguliwa, ni hatari zaidi. Bastola hiyo yaweza kuwa imeua mtu mu Kampemba ao mu Kipushi, na wewe unayekutwa nayo ndiwe wa kwanza kuulizwa. Mkataba wa Kinshasa wa tarehe 30 aprili 2010, uliopitishwa na mataifa ya Afrika ya Kati, unadai kila silaha iwe na alama, ili ifuatwe tangu kiwanda mpaka kwa mwenyewe.

Wakatanga tunajua bei ya silaha zisizo na mwenyewe. Tarehe 23 machi 2013 tuliona Mai-Mai Kata Katanga wakiingia mpaka katikati ya mji. Na kabla ya pale, mu miaka ya 2000, PAREC ilizunguka kaskazini ya Katanga ikibadilisha silaha: unaleta bunduki, unapewa kinga. Watu walikubali, kwa sababu kinga inabeba mihogo mpaka sokoni, na bunduki haibebi kitu.

Bezi habakuji peke yao

Tulirudi kwa kambiste na majibu yetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa, ba-journal, bakikuja, mi nifanye nini? Nibape tu?"

Hatukuwa na jibu la kumfurahisha. Wezi wa usiku wanakuja watatu, wane, na mara nyingi wana bunduki kubwa. Mtu mmoja mwenye bastola ambayo hajawahi kuipiga, anayevuta nyundo mu giza na mikono inatetemeka, anageuza wizi kuwa kilio. Franga zinatafutwa tena.

Tuliyokusanya kwa wenzake yanafanana na maisha ya kila siku: kuingiza pesa mu M-Pesa ao Airtel Money kabla ya kufunga meza, kubadilisha saa na njia, kurudi wawili wawili, kuweka filimbi mu nyumba na kukubaliana na majirani kupiga masufuria. Hayo hayaondoi kazi ya polisi, na kodi tunazolipa zinatupa haki ya kudai patruye mu kila komini, si mu avenue za wakubwa tu.

Juzi tulipita tena kwenye kona. Kambiste alikuwa anafunga meza saa kumi, jua lingali juu, na mwenzake mmoja alikuwa anamngojea. Tukamwuliza juu ya bastola.

"Bibi njo alikatala," alisema. "Aliniuliza: mangaribi utaiweka wapi? Tuko na chumba moja, na mutoto wetu wa myaka mine anafungula kila kitu. Nilitafuta pa kuiweka usiku muzima, mu akili tu. Sikupaona."