Farasi Jike Mwenye Mimba

Ndugu wasomaji wa Nachingwea na Ruangwa, wengi wetu hatujapata kumwona farasi ila katika picha. Sababu yake ni mbung'o wa porini, ambaye huleta nagana, nayo nagana huua farasi. Tena uko ugonjwa mwingine wa farasi uenezwao na usubi. Basi huenda mtu akauliza, Mambo ya farasi yatuhusu nini? Twajibu kwamba yatuhusu, maana neno tutakalolisema juu ya farasi lampasa kila afugaye mbuzi au ng'ombe: mnyama jike mwenye mimba asihesabiwe kuwa chombo tu.

Kwanza tukumbuke jambo lililotukia kusini yetu. Mwezi wa Machi mwaka 1866 Daktari Livingstone alishuka Mikindani akiwa na ngamia 6, nyati wa Kihindi 3 na ndama wao, nyumbu 2 na punda 4. Alitaka kujua kama wanyama hao wangestahimili mbung'o katika safari ya kuufuata mto Ruvuma. Wengi wakafa njiani. Lakini mwenyewe aliandika katika habari za safari yake kwamba hakuweza kujua kwa hakika kilichowaua, kwa sababu watu waliokabidhiwa wanyama wale waliwatwika kupita kiasi na kuwapiga vibaya. Ukatili ule uliwatesa wanyama, ukaharibu na elimu iliyotafutwa.

Sasa tutazame nchi ambazo farasi hustawi. Farasi jike huchukua mimba miezi 11, naye huzaa mtoto mmoja. Katika miezi hiyo mwili wake hutoa vitu ambavyo watu wamejifunza kuviuza. Mkojo wake hutengenezwa dawa ya wanawake waliokoma hedhi. Dawa hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 1942. Kwa ajili yake, katika mashamba ya Kanada, farasi wenye mimba walifungwa katika vibanda vyembamba kwa muda wa miezi kama 6 ya baridi, wamevishwa mfuko wa mpira wa kupokea mkojo. Mnyama aliyeumbwa kwa kukimbia hakupata nafasi hata ya kugeuka vema.

Liko na jambo la damu. Tangu siku ya 40 hivi ya mimba hata karibu siku ya 120, damu ya farasi jike ina kichocheo kinachotumiwa kuwafanya nguruwe na mifugo mingine wapate joto kwa wakati mmoja, ili wazae wengi na kwa zamu iliyopangwa. Argentina, Uruguay na Iceland ni nchi zilizojulikana kwa kazi hiyo. Huko Iceland ilikuwa desturi kutoa hata lita 5 kwa juma, kwa majuma 8. Msomaji apime mwenyewe: lita 5 ni robo debe. Majuma 8 ni madebe 2 ya damu kutoka kwa mama mmoja, naye analisha mtoto aliye tumboni, na mara nyingi anamnyonyesha mwingine aliye ubavuni.

Twapenda kusema kwa haki. Wenye kazi hiyo huko Iceland walijibu kwamba farasi wao huishi kwa makundi malishoni, hawafungwi mwaka mzima, na kwamba daktari wa mifugo ndiye atoaye damu. Hayo si maneno ya kupuuzwa. Lakini wengi wa farasi hao hawakuzoezwa kushikwa na watu, nao huingizwa katika kizuizi cha mbao na kufungwa kichwa. Mwaka 2021 watetezi wa wanyama walitoa picha za sinema zilizoonyesha farasi wakipigwa katika vizuizi hivyo, hata nchi nzima ikafadhaika. Mwaka 2023 serikali ya Iceland iliiweka kazi hiyo chini ya kanuni kali zaidi. Na kuhusu Argentina na Uruguay, wachunguzi walieleza mwaka 2015 kwamba mimba zilitolewa kwa makusudi, ili jike apandwe tena upesi. Tena wajuzi wa nguruwe wasema kwamba majike yaweza kupata joto kwa njia nyingine, kama chakula chema, mwanga wa kutosha, na kuwekwa karibu na dume.

Hata kwetu Afrika ya Mashariki biashara ya namna hii imebisha hodi, si kwa farasi, bali kwa ndugu yake punda. Ngozi yake huchemshwa huko Uchina kufanya dawa. Punda jike huchukua mimba mwaka mzima, au zaidi kidogo, kwa mtoto mmoja. Basi kuchinja kulipita kuzaa, na majike wenye mimba hawakuachwa. Tanzania ilikataza uchinjaji huo mwaka 2022, na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuuzuia barani kote. Walioumia kwanza ni akina mama, maana punda akiondoka, maji na kuni hurudi kichwani pa mwanamke.

Basi, wenye nyumba na walimu, na tujipime. Mbuzi huchukua mimba miezi 5, ng'ombe miezi 9. Wafugaji waliohamia mkoa wetu wa Lindi tangu mwaka 2006 na 2007 wametuletea makundi makubwa, na watoto wetu wanajifunza kuchunga. Jike mwenye mimba anyweshwe kwanza wakati wa kiangazi, maji yanapopungua. Apate kivuli. Asifukuzwe mbio wala kupigwa fimbo tumboni. Ng'ombe aachwe kukamuliwa miezi 2 kabla ya kuzaa, ili mwili wake upumzike. Na tukimkamua, tumbakizie ndama sehemu yake.

Mwalimu aweza kuwauliza watoto swali moja tu wakati wa somo: Mnyama huyu ametupa nini mwaka huu, nasi tumempa nini? Mtoto atakayezoea kujiuliza hivyo zizini hatalisahau swali hilo atakapokuwa na nyumba yake mwenyewe.