Maziwa ya Mbuzi Yakibadilika

Labda wewe ni mmoja wa wale wanaofuga mbuzi mmoja au wawili nyuma ya nyumba, hapa Ndosho au katika mtaa mwingine wa Goma. Malisho huna, kwa maana tunakaa juu ya mawe ya volkano, na majani ni lazima yaletwe kutoka mbali. Kwa hiyo mbuzi wa maziwa ni mali kubwa, na kila kikombe chake ni chakula cha watoto. Lakini siku nyingine unakamua na kuona kwamba maziwa si kama ya jana. Je, uyanywe, uyauze au uyamwage? Soma maneno haya kwa uangalifu.

Maziwa mazuri

Maziwa ya mbuzi mzima ni meupe kabisa. Hayana rangi ya njano kidogo kama ya ng'ombe, wala mafuta yake hayapandi juu upesi, kwa sababu matone ya mafuta hayo ni madogo sana. Usimshitaki jirani kwamba ametia maji! Ndivyo yalivyo.

Baada ya kuzaa

Siku za kwanza maziwa ni mazito na ya njano. Hayo ni dang'a, wala si ugonjwa. Mwachie mtoto wa mbuzi ayanyonye tangu saa ya kwanza, kwa maana anazaliwa bila kinga, na kinga yake imo humo. Baada ya siku nne au tano maziwa huwa meupe.

Pengine maziwa ya siku hizo yana wekundu kidogo, kwa kuwa mishipa midogo ya kiwele imepasuka. Mara nyingi hupona bila dawa. Lakini wekundu ukizidi, au kiwele kikiwa cha moto, mwite mganga wa wanyama.

Harufu na ladha

Je, maziwa yananuka beberu? Mtenge beberu mbali na mbuzi wa kukamuliwa. Ukimlisha majani yenye harufu kali, mpe baada ya kukamua, si kabla. Maziwa yenye ladha ya chumvi yaweza kuwa ya mbuzi aliyekamuliwa miezi mingi, karibu kukauka. Lakini pia yaweza kuwa alama ya kwanza ya ugonjwa wa kiwele. Maziwa yakipungua ghafula, uliza kwanza: jana alikunywa maji ya kutosha? Mbuzi mwenye kiu hatoi maziwa.

Ugonjwa wa kiwele

Kila mara kabla ya kukamua, toa matone ya kwanza ya kila chuchu juu ya kitambaa cheusi kilicho safi. Ukiona vibonge, nyuzi, usaha, damu, au maziwa mepesi kama maji, kiwele kina ugonjwa. Kishike: upande mmoja ni mgumu, una joto, unamwuma. Vijidudu vimeingia kwa njia ya chuchu, kutoka mikono michafu, kinyesi, au kidonda. Mawe yetu makali hukwaruza chuchu kwa urahisi. Basi mtandikie majani makavu mahali pa kulala.

Fanya hivi: nawa mikono kwa sabuni. Mkamue mgonjwa mwisho, baada ya wengine. Toa maziwa mabaya mara nyingi kwa siku, uyatupe shimoni. Usimwage pale mbuzi wanapolala, wala usimpe mtu. Kuyachemsha hakuyafanyi kuwa mema. Mwite mganga wa wanyama. Kiwele kikiwa baridi na rangi ya buluu, usingoje hata kesho, kwa maana mbuzi aweza kufa.

Akichomwa sindano, maziwa yake yana dawa ndani yake, na moto hauiondoi. Uliza: "Nitupe maziwa siku ngapi?" Kisha utii.

Maziwa yasiyobadilika

Sasa sikia jambo kubwa kuliko yote. Kuna ugonjwa ambao haubadilishi rangi, harufu wala ladha ya maziwa.

Katika kisiwa cha Malta, katika bahari ya Mediterania, askari Waingereza waliugua homa ndefu, na wengine walikufa. Mwaka 1887 daktari David Bruce alivumbua kijidudu chake, lakini hakuna aliyejua kinatoka wapi. Mwaka 1905 daktari Themistocles Zammit, mwenyeji wa Malta, alipima damu ya mbuzi wa kisiwa hicho. Mbuzi walionekana wazima, na maziwa yao yalikuwa mazuri kwa macho. Lakini kijidudu kilikuwamo. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa yale, na homa ikapungua upesi sana.

Ugonjwa huo huitwa brusela, nao uko katika Afrika yetu pia. Mtu hupata homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu. Mama mwenye mimba aweza kuiharibu. Wengi hudhani ni malaria, wakameza dawa ya malaria mara kwa mara bila kupona. Ukiwa na homa ya namna hii, mwambie mganga: "Mimi ninafuga mbuzi." Neno hilo moja laweza kumfanya apime damu yako kwa ugonjwa huu. Dawa ipo, humezwa majuma mengi, wala usiiache kwa sababu homa imeshuka.

Mbuzi akitupa mimba, usishike kwa mikono mitupu. Zika vyote shimo refu, au choma moto.

Mambo ya kukumbuka

1. Chemsha maziwa yote mpaka yatokote, hata yakionekana mazuri. Kuyagandisha bila kuyachemsha hakuui vijidudu.
2. Yafunike, katika chombo kilichooshwa kwa maji ya moto.
3. Mtoto mchanga apewe maziwa ya mama yake tu mpaka miezi sita. Maziwa ya mbuzi hayawezi kushika mahali pake.
4. Usimwuzie mwenzako maziwa ambayo hungempa mtoto wako.

Mama, Baba, kesho asubuhi chukua kitambaa cheusi kabla hujashika ndoo.