Kidani cha marijani, boda stejini Keroka na ujumbe wa shilingi 60,000

Mteja wetu mmoja, mama anayeishi upande wa Nyamira si mbali na Keroka, alikuja kwetu mjini Kisii akiwa na simu mkononi na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani ya kitambaa kulikuwa na kidani: ua la waridi lililochongwa kwa marijani nyekundu, limeshikwa na dhahabu, pamoja na mkufu mwembamba. Alirithi kutoka kwa shangazi yake, aliyefanya kazi ya nyumba Mombasa miaka mingi na kupewa zawadi na mama wa nyumba ile alipostaafu. Sasa kijana wake ameitwa shule ya sekondari, karo inahitajika, na ng'ombe ni mmoja tu. Akaamua kuuza kidani.

Alipiga picha moja, mtoto akaiweka Facebook. Kabla ya jioni mtu alipiga simu, sauti ya upole, akimwita "mum" kila baada ya maneno matatu. Hakuuliza uzito. Hakuomba picha ya nyuma ambako alama za sonara hupigwa. Alitoa 60,000 papo hapo, akasema atatuma boda stejini Keroka achukue mzigo, maana yeye yuko Nairobi na kidani ni zawadi ya harusi ya kesho.

Boda alifika. Dakika mbili baadaye ujumbe ukaingia: umepokea shilingi 60,000, jina la mtu, saa, tarehe, salio jipya. Simu nayo ikapigwa: "Mum nimeshatuma, mpe kijana, mvua inakuja." Mama alikuwa tayari ameshanyoosha mkono. Kilichomzuia ni kijana wake kuuliza, "Mama, si jana ulikuwa na elfu moja na mia? Mbona hapa salio ni sitini kamili?"

Wakaangalia salio kwenye menyu. Shilingi 1,140. Boda mwenyewe akashangaa: "Mathe, mimi nimepigiwa tu simu nibebe mzigo, hata mafuta sijalipwa." Tunamwamini. Matapeli wa aina hii hawafiki wenyewe, wanamtuma mtu ambaye hajui kitu, ili ukimkamata umkamate bure.

Hebu tuseme wazi jambo ambalo wateja wengi hawalijui. Ujumbe si pesa. Mtu yeyote anaweza kuandika maneno yaliyo kwenye ujumbe wetu na kuyatuma kutoka namba ya kawaida, na ukisoma kwa haraka, juani, huku mtu anakupigia kelele, hutaona tofauti. Hata jina la mtumaji linaweza kuigwa. Kwa hivyo usibishane na ujumbe: fungua menyu, weka namba yako ya siri, angalia salio. Kama salio halijapanda, hujalipwa, hata huyo mtu akiapa kwa jina la mama yake. Na akisema "mtandao uko chini, zitaingia," basi mzigo nao utangoja mtandao.

Kuna ndugu ya utapeli huu. Huyu anatuma ujumbe wa uongo wa pesa nyingi kupita bei, kisha analia, "Nimekosea, nirudishie elfu kumi." Ukirudisha, umetoa zako mwenyewe. Na kama kweli mtu ametuma kimakosa, atupigie sisi. Ukituma wewe kimakosa, tupigie mara moja, kwa sababu pesa zikishatolewa kwa wakala hatuna mahali pa kuzichukua.

Kilichotugusa zaidi ni kwamba mama yule hakujua anauza nini, na tapeli aliitegemea hali hiyo. Huku Gusii bibi zetu walivaa ebitinge, pete za chuma miguuni, alama ya mke aliyeolewa. Marijani si pambo letu, kwa hiyo hakuna jirani wa kumuuliza bei. Yeye alidhani ni lile jiwe la pwani linalojengewa nyumba. Hapana. Lile ni matumbawe. Marijani nyekundu ya mapambo ni kiunzi cha viumbe wadogo wa baharini, na kwa karne nyingi imevuliwa hasa Bahari ya Mediterania. Mafundi wa Torre del Greco, karibu na Napoli kule Italia, ndio waliovuma kwa kuichonga kuwa maua, nyuso na shanga. Biashara iliisambaza mbali: kwenye ufalme wa Benin, Nigeria, shanga za marijani ni vazi la mfalme mpaka leo.

Ya kuiga nayo ni mingi: glasi, plastiki, hata mawe yaliyopakwa rangi. Fundi yeyote wa Tabaka anajua jinsi jiwe la Kisii linavyopokea rangi nyekundu vizuri. Lakini jiwe letu ni laini, linakwaruzwa kwa ukucha, marijani haikwaruzwi hivyo. Ukiangalia marijani kwa kioo cha kukuzia utaona mistari myembamba sambamba, kama ya mbao. Glasi huonyesha viputo. Plastiki ni nyepesi na haina ubaridi mkononi. Usiijaribu kwa siki au ndimu! Marijani ni chokaa, na asidi inaila. Wala usichome kwa sindano ya moto kama wanavyoshauri watu mitandaoni.

Dhahabu tafuta namba ndogo iliyopigwa nyuma au kwenye kifungo cha mkufu. 750 ni karati 18, yaani robo tatu ni dhahabu tupu. 375 ni karati 9. 916 ni karati 22. Sumaku husaidia kidogo tu: dhahabu haivutwi, lakini shaba pia haivutwi, na kifungo cha dhahabu halali kinaweza kuvutwa kwa sababu ya springi ya chuma iliyo ndani. Wanaonunua dhahabu kutoka Macalder kule Migori wanajua hasara ya kuamini rangi peke yake.

Kidani cha mama yule kilikuwa na 750. Alipokipeleka kwa sonara, alipewa bei ya dhahabu kwa gramu, marijani ikahesabiwa sifuri, maana sonara yule anayeyusha. Si wizi, ndiyo kazi yake. Tuseme fremu na mkufu ni gramu 4 za karati 18: dhahabu tupu ni gramu 3, na hizo ndizo anazolipia. Lakini ua lililochongwa likishang'olewa halirudi. Kitu cha zamani huuzwa kizima, kwa mtu anayekitaka kizima, na mara nyingi mtu huyo yuko Nairobi au Mombasa. Tungekuwa sisi, tungeuliza masonara watatu kabla ya kukubali, na tungetafuta ile picha ya shangazi amekivaa, maana historia nayo ina bei.

Mnunuzi akiwa ng'ambo, kuna sheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Kama hujui umri wake, uliza ofisi ya makumbusho kwanza.

Mnunuzi wa kweli yupo, na utamjua. Ataomba picha za karibu. Atataka kukutana dukani kwa sonara au benki, mchana. Atalipa mbele yako, nawe utaangalia salio kabla ya kufungua kitambaa. Hatakuomba namba yako ya siri, na hata sisi hatukuombi.

Tulipoandika haya kidani kilikuwa hakijauzwa. Chama cha akina mama kilimkopesha karo ya muhula wa kwanza, naye anasubiri mnunuzi wa Mombasa aliyeomba picha sita, mojawapo ya kifungo peke yake.