Je, wajua? Mlango wa Benzi huoza kuanzia ndani

Ukitaka kujua hali ya Benzi la zamani, usianze na boneti wala injini. Chuchumaa, upitishe kidole kwenye ukingo wa chini wa mlango, pale bati la nje lilipokunjwa kulibana la ndani. Rangi ikiwa imefura vipele, kutu imeshakula upande usiouona.

Mlango wa gari haukuundwa kuzuia maji. Mvua hupenya kando ya kioo, ikateremka ndani, ikatokea kwenye vitundu vilivyoachwa chini makusudi. Shida ni vumbi. Tazama Tabora. Reli ilifika huko mwaka 1912, lakini lami ya kwenda Itigi na Manyoni ni ya juzi tu. Kwa miongo mingi gari la Tabora lilimeza vumbi jekundu kiangazi chote, kisha mvua za Novemba zikaligeuza vumbi hilo tope ndani ya milango. Vitundu vikiziba, maji hutuama.

Vumbi lile na kutu ni ndugu wa damu. Wekundu wa udongo unatokana na chuma kilichoungana na oksijeni, na kutu nayo ni hivyo hivyo, ila ina maji ndani yake. Zamani Wafipa, kwenye tanuru zao ndefu za udongo, walichoma mawe ya aina hiyo kwa mkaa hadi oksijeni ikatoka na chuma kikabaki.  Mlango unapooza, kazi ile ya tanuru inarudi kinyumenyume: chuma kinaipokea tena oksijeni. Na kwa kuwa kutu hujaza nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, husukuma rangi kutoka chini. Ndivyo vile vipele.

Chukua mfano wa Mercedes-Benz W123, lililotengenezwa kuanzia 1976 hadi mwanzoni mwa 1986, karibu magari milioni 2.7. Bati la mlango wake lina unene usiozidi milimita 1 hivi. Fundi bodi anayejiheshimu huanza kwa kuvua: vitasa, vioo, mipira, mikanda ya kromu. Kubandika karatasi juu ya vitu hivyo na kupuliza rangi pembeni ni kumwibia mwenye gari, kwa sababu rangi iliyoishia kwenye ukingo wa mpira huanza kubanduka hapo hapo.

Kisha kuosha, tena kabla ya msasa. Pulishi nyingi zina nta au silikoni. Ukipiga msasa kwanza, unaisukuma ndani ya mikwaruzo, na rangi mpya ikifika hapo hujikunja na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki.

Baada ya hapo ni sumaku. Ipitishe polepole mlango mzima. Inaposhika kwa nguvu pana bati. Inapolegea pana puti nene ya fundi aliyetangulia. Puti hiyo itolewe yote. Chuma kilichotoboka kikatwe na kuchomelewa kipya, kwa sababu puti hunyonya unyevu, na ukiifunika juu ya tundu unalisha kutu kwa siri. Bati lililonyooshwa vizuri kwa nyundo huhitaji puti nyembamba tu. Puti hupigwa msasa namba 80, halafu 180, na msasa mkavu, si wa maji. Praima ndiyo inayovumilia maji, kwa namba 400 hadi 600.

Lakini si kila mlango ni wa chuma. Rolls-Royce Silver Shadow, lililotengenezwa kuanzia 1965 hadi 1980, lina bodi ya chuma, ila milango, boneti na mlango wa buti ni alumini. Land Rover za zamani nazo zilivikwa alumini tangu 1948, kwa kuwa baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza. Hapo sumaku haisaidii kitu. Alumini haitoi kutu nyekundu bali unga mweupe, hasa inapogusana na chuma penye unyevu, na utando wake mgumu wa juu huikataa rangi ya kawaida. Inahitaji praima yenye asidi inayoung'ata utando huo, ipakwe mapema baada ya msasa.

Nisisitize jambo moja. Vumbi la rangi za zamani, hasa za njano na nyekundu, linaweza kuwa na risasi, na rangi za kisasa za kuchanganya na hadena huweza kumwachia fundi pumu ya maisha. Kitambaa puani hakitoshi. Kwa vumbi anahitaji barakoa yenye vichujio, na anapopuliza rangi za hadena anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, na mwenye gari asione vibaya kuilipia.

Rangi ikiwa ya kumetameta, milango irudishwe kwenye bawaba zake kabla ya kupulizwa, baada ya kupaka kingo za ndani. Vipande vya alumini ndani ya rangi hiyo hulala kulingana na pembe ya bati na mwendo wa bunduki ya kupulizia, hivyo mlango uliopuliziwa ukiwa umelazwa mezani utaonekana wa rangi nyingine ukiwa kwenye gari, ingawa kopo lilikuwa moja.