Sharti Lisilotimia: Hitilafu za Uelekezaji wenye Masharti katika Ruta

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na intaneti ikazorota nchini Tanzania. Matukio ya namna hiyo ndiyo yanayopima kanuni za uelekezaji wenye masharti. Katika itifaki ya BGP, ruta huweza kuamriwa itangaze anwani zake kwa mtoa huduma wa akiba endapo tu njia inayofuatiliwa imetoweka jedwalini. Tatizo ni kwamba mara nyingi njia hiyo haitoweki. Chukulia ruta ya Chato, mbali na pwani, inayofuatilia kiungo chake cha nchi kavu: waya wa baharini hukatika, kiungo kikabaki kizima, na sharti lisitimie. Inafaa kufuatilia njia itokayo ng’ambo. Hata hivyo, ikiwa njia ileile inapokelewa pia kupitia akiba, itaendelea kuonekana jedwalini. Hivyo sharti halina budi kubainisha mtandao ilikopitia. Aidha, kwa kawaida ruta za Cisco hukagua sharti kila sekunde 60. Mpimaji mwenye haraka huilaumu kanuni ambayo bado haijakaguliwa.